Nyumba inauzwa, kiwanja hakiuzwi: uchambuzi wa kisa cha Mombasa

Kisa hiki kilinifikia mwezi wa Januari na kilichukua karibu miezi mitatu kumalizika. Kazi yangu ni kukagua nyumba kuukuu kabla hazijanunuliwa na kukadiria gharama ya kuzitengeneza. Nimeondoa majina, mtaa na kila kitu ambacho kingemtambulisha mtu. Wahusika wameridhia kiandikwe, kwa sharti kwamba asitajwe yeyote, pamoja na dalali.

Nakiandika kwa sababu nyumba za aina hii zinauzwa na kununuliwa kila siku Mombasa, na wanunuzi wengi huamua kwa kuangalia paa na kuhesabu vyumba.

Waliokuja na walichokuwa nacho

Mume ni mwalimu wa shule ya msingi. Mke anapika mahamri na viazi karai nyumbani, anauza asubuhi na jioni. Wana watoto watatu. Kwa miaka 9 walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa shilingi 14,000 kwa mwezi, na kila mwenye nyumba alipobadilika walihama. Safari ya mwisho walihamishwa katikati ya muhula, mtoto mkubwa akiwa anakaribia mtihani.

Walikuwa na akiba ya shilingi milioni 2.6, na sako ya mwalimu, yaani chama chake cha akiba na mikopo, ilikuwa tayari kumpa mkopo wa milioni 1.5 kwa dhamana ya hisa zake na wadhamini wanne. Benki walikuwa wamekwisha kuijaribu. Ilikataa, ikasema nyumba ile haina hati ya kuwekwa rehani. Mwalimu alilichukua jibu hilo kama ukali wa benki kwa watu wa kipato cha chini. Hapo ndipo kisa hiki kilipoanza kwenda kombo, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekiona.

Nyumba yenyewe

Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uwani kuna banda la vyumba vinne, jiko na choo. Mbele, pembeni ya baraza, pana duka lenye mlango wake. Bei iliyotajwa ilikuwa milioni 3.8. Familia ingekaa vyumba sita vya mbele, na vile vinne vya uwani pamoja na duka vingeendelea kupangishwa.

Ukiitazama kutoka barabarani, ungeapa ni nyumba ya mawe. Ina lipu ya saruji na rangi ya maziwa, na madirisha yana nondo. Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole nikasikia sauti bubu. Nyuma ya mlango wa chumba cha tatu, mahali ambapo kitasa kilikuwa kikigonga ukuta miaka yote, lipu ilikuwa imebanduka kiasi cha upana wa kiganja. Nilichokonoa kwa bisibisi, na udongo mwekundu ukamiminika sakafuni kama unga. Ndani yake zilionekana fito, na fito mbili za chini zilikuwa zimebaki maganda tu. Mchwa walikuwa wamekula kiini. Kiwambaza kizima kilikuwa kimesimama kwa nguvu ya lipu na mazoea.

Kiwambaza si kitu kibaya. Nyumba ya udongo na boriti za mkoko, ikikandikwa vizuri na paa lake lisivuje, hudumu miaka mingi na ndani kuna ubaridi kuliko nyumba ya matofali. Tatizo ni saruji iliyopakwa juu yake. Lipu ya saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka chini hubaki ndani, fito zinaoza, mchwa wanafuata. Aliyepaka alitaka nyumba ionekane ya mawe, na kwa kufanya hivyo aliifupishia maisha.

Nikauliza kwa nini hawakujenga kwa mawe tangu mwanzo. Muuzaji akajibu haraka kwamba marehemu mama yake hakuwa na uwezo. Jibu lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini halikuwa jibu lote, na mimi sikuendelea kuuliza.

Makadirio yangu: kubadilisha makombamoyo (miti ya paa) na mabati upande mmoja, kujenga upya kuta mbili, kupiga lipu banda la uwani na kuweka choo sawa, yote shilingi 850,000. Kama mtu angetaka kuziba tu pale palipo na hatari, 250,000 zingetosha kwa muda.

Hesabu ya dalali na hesabu yetu

Dalali alikuwa ameandika kwenye karatasi: vyumba vinne vya uwani kwa 5,000 ni 20,000, duka 8,000, jumla 28,000 kwa mwezi, sawa na 336,000 kwa mwaka. Alisema, "Nyumba inajilipa yenyewe, Mwalimu."

Tulikwenda kuuliza mpangaji mmoja mmoja. Chumba cha kwanza kinalipa 5,000. Cha pili 4,500. Cha tatu anakaa binamu wa wauzaji na hajalipa tangu mama afariki. Cha nne ni kitupu tangu masika, kwa sababu kinavuja. Fundi wa cherehani aliye dukani analipa 5,000, wala hajawahi kusikia habari ya 8,000. Kwa hiyo pesa zinazoingia mkononi ni 14,500 kwa mwezi, 174,000 kwa mwaka. Humo toa kodi ya kiwanja 18,000, gari la kunyonya choo mara mbili kwa 16,000, na matengenezo madogo 40,000. Inabaki laki moja.

Dalali pia hakuhesabu kodi ya serikali. Pango la nyumba za kuishi likivuka shilingi 288,000 kwa mwaka, mamlaka ya mapato inadai asilimia 7.5 ya pesa yote inayoingia, tangu Januari 2024, bila kukutolea gharama. Kwa hesabu yake, vyumba vya uwani ni 240,000 tu kwa mwaka, chini ya kiwango hicho, na duka si nyumba ya kuishi, lakini swali lilistahili kuulizwa.

Hata hivyo, mke alisema jambo ambalo hesabu yangu ya kwanza ililisahau. Wakihamia humo, hawatalipa tena 14,000 kila mwezi. Hizo ni 168,000 kwa mwaka, na ni pesa halisi kama kodi ya mpangaji. Ukijumlisha, nyumba ingewapa 268,000 kwa mwaka ikiwa kama ilivyo. Wakiitengeneza yote na vyumba vikajaa kwa miezi 11 kati ya 12, ingewapa kama 369,000. Alikuwa na haki. Hesabu iliyomuona yeye kama mwenye nyumba pekee, si kama mpangaji aliyeacha kupanga, ilikuwa hesabu nusu.

Mpaka hapo, wote watatu tulikuwa tunaelekea kununua, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwaandikia orodha ya mabati na mbao.

Habari kutoka uwani

Kilichogeuza mambo hakikutoka kwangu wala kwa wakili. Kilitoka kwa mke, siku aliyokwenda peke yake saa kumi jioni, wakati maji yanapofunguliwa na wanawake wanapanga mitungi.

Aliketi kwenye kigogo, akasaidia kumbeba mtoto wa mmoja wao, akauliza yanayoulizwa: maji yanakuja siku ngapi kwa wiki, choo kikijaa nani analipa, stima ni tokeni ya nani. Maji ni siku mbili. Tokeni ni moja kwa nyumba nzima, na kila mwisho wa mwezi ni ugomvi. Halafu mama mmoja mzee, jirani wa nyumba ya pili, akamuuliza, "Mwanangu, mnanunua nyumba tu au na kiwanja? Maana sisi hapa tumeambiwa tusimlipe yule mzee tena."

Mke akauliza mzee gani. Akaelezwa kwamba kwa miaka mingi kuna mtu anayepita na kitabu cha risiti kukusanya kodi ya kiwanja, nyumba hadi nyumba, mtaa mzima. Tangu mwaka uliopita amekuja mwingine, kijana wa ukoo uleule, na kitabu chake, akisema yeye ndiye mwenye haki na yule wa kwanza ni mwizi. Baadhi ya watu wanalipa kwa mzee, baadhi kwa kijana, na wengine wameacha kulipa wakisubiri.

Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, kisha wakanipigia simu usiku uleule. Nakumbuka nilinyamaza muda. Nilikuwa nimekagua kuta, paa, choo na mkondo wa maji ya mvua, na swali la kiwanja ni cha nani sikuwa nimeliuliza.

Kiwanja ni cha nani

Kwa msomaji asiye wa pwani, hili linahitaji maelezo. Mombasa kuna maelfu ya nyumba ambazo mwenye nyumba hamiliki ardhi iliyo chini yake. Kwa ada za pwani na kwa fikihi ya Kiislamu iliyokuwa ikitumika, mtu anaweza kumiliki mnazi au nyumba juu ya ardhi ya mwenziwe. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Walioweza kudai na kuthibitisha wakapewa hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Baadhi ya koo zikatoka na mashamba makubwa, na watu walioishi juu ya mashamba hayo wakawa wapangaji wa kiwanja, wakijenga kwa ridhaa ya mwenye shamba na kumlipa kodi kidogo.

Na hapa ndipo jibu la muuzaji kuhusu udongo lilipokamilika. Mwenye kiwanja wa aina hii kwa kawaida hakubali ujenzi wa kudumu. Ukijenga kwa mawe, kukuondoa ni vigumu. Ukijenga kwa udongo na fito, wewe ni mtu wa muda hata kama umekaa miaka 40. Lipu ya saruji juu ya kiwambaza ilikuwa njia ya mama yule ya kupata nyumba inayofanana na mawe bila kuvunja sharti.

Wakili wa familia aliitisha risiti zote. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa uzi, za zamani zaidi zikiwa zimegeuka rangi ya chai. Kwenye chache, mtu alikuwa ameandika namba ya kiwanja kwa kalamu. Kwa namba hiyo tukaomba upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Majibu yalikuwa mafupi: kiwanja ni kipande cha ardhi kubwa yenye nyumba nyingi, aliyeandikwa kuwa mmiliki ni mtu aliyefariki zamani, na mmoja wa wajukuu ameweka kizuizi. Kesi ya ukoo ilikuwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii. Mwenye kiwanja, kwa desturi, hutakiwa kuridhia mnunuzi mpya aandikwe katika kitabu chake. Yule mzee alikuwa tayari kuridhia, kwa ada ya asilimia 10 ya bei, yaani 380,000. Lakini kwa hali ya daftari la ardhi, ridhaa yake ilikuwa neno la mtu mmoja kati ya wengi wanaogombana. Kijana akishinda kesi, karatasi ya mzee haina nguvu. Ukoo ukipatana na kumuuzia tajiri shamba zima, mwenye nyumba atapewa notisi, na atakachodai ni thamani ya kuta za udongo.

Wauzaji nao

Upande wa wauzaji kulikuwa na jingine, la kawaida zaidi. Nyumba ilikuwa ya marehemu mama. Mume wake na wazazi wake walimtangulia. Ameacha wana wawili na mabinti watatu. Waliokuwa wakiuza ni wana wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na funguo.

Kwa mgawo wa mirathi ya Kiislamu, hapo kuna mafungu saba: kila mwana mawili, kila binti moja. Kwa bei ya milioni 3.8, fungu moja ni kama 543,000. Mabinti wawili walikuwa Mombasa na walisema wameridhia. Wa tatu anafanya kazi Muscat. Tulipompigia kwa video alishangaa. Alijua nyumba "inatengenezwa". Hakukuwa na hukumu ya Kadhi wala msimamizi aliyethibitishwa. Sheria ya urithi ya Kenya hairuhusu msimamizi kuuza mali isiyohamishika kabla mahakama haijauthibitisha usimamizi wake, na hapa hapakuwa na msimamizi wa kuthibitishwa.

Sidhani wale ndugu walikuwa wadanganyifu. Mkubwa alikuwa na deni la hospitali la mama, na alikwisha kulipa sehemu kubwa kutoka mfukoni mwake. Aliona nyumba kama njia ya kujirudishia. Lakini mnunuzi angelipa watu wawili kwa mali ya watu watano.

Fundi wa cherehani

Mke alikuwa na mpango na lile duka. Alitaka kuhamishia humo biashara ya mahamri, na mpango huo ndio uliompa moyo wa kuvumilia kuta za udongo.

Fundi wa cherehani amekaa hapo miaka 11 bila mkataba wa maandishi. Dalali alisema, "Akimaliza mwezi mnamtoa." Sivyo. Kenya ina sheria inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, na upangaji wa duka usioandikwa uko chini ya ulinzi huo. Huwezi kumpandishia kodi wala kumtoa mpaka umpe notisi ya maandishi kwa mfumo uliowekwa, isiyopungua miezi miwili, yenye sababu zinazokubalika, na yeye ana haki ya kwenda kwenye baraza linaloamua migogoro ya upangaji wa biashara. Atakayenunua nyumba anamrithi pamoja na kodi yake ya 5,000. Wapangaji wa vyumba vya uwani hawana kinga kama hiyo; sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi bado inahesabu vyumba visivyozidi 2,500 kwa mwezi, na siku hizi chumba cha bei hiyo mjini ni nadra.

Mke alipoelezwa, alikwenda kuzungumza na fundi mwenyewe. Akarudi akasema hawezi kumtoa mzee aliyewashonea watoto wa mtaa mzima sare za shule. Hilo halikuandikwa kwenye hesabu yoyote, lakini lilikuwa na uzito nyumbani kwao.

Walivyoamua

Kabla ya haya yote kujulikana, mwalimu alikuwa amempa dalali shilingi 50,000 "za kushikilia", bila risiti. Dalali akadai arubuni (malipo ya kutanguliza) ya 300,000 siku ya pili, akisema kuna mnunuzi kutoka Malindi njiani. Mke ndiye aliyekataa. Wakakubaliana kwamba arubuni yoyote itawekwa kwa wakili na itarudishwa kama wauzaji watashindwa kutimiza masharti.

Masharti waliyoandika yalikuwa matatu: warithi wote watano watie saini, yule wa Muscat kupitia hati ya uwakala, pawepo makubaliano ya maandishi kuhusu kiwanja, yaliyosainiwa na pande zote mbili za kesi ya ukoo, na bei iwe milioni 2.2. Walijua sharti la pili ni gumu. Waliliandika kwa makusudi, kwa sababu bila hilo hawakutaka nyumba kwa bei yoyote inayokaribia ile iliyotajwa.

Sharti la kwanza wauzaji walisema watalitimiza. La pili lilishindikana ndani ya wiki mbili. Kijana wa ukoo alikataa kukaa meza moja na mzee. Bei nayo haikufika. Mwishoni mwa Machi, familia ikajiondoa.

Matokeo

Zile 50,000 hazikurudi. Dalali alisema zilikuwa za usumbufu wake.

Nyumba iliuzwa miezi minne baadaye kwa mtu mwingine, kwa milioni 3.1 taslimu. Mpaka ninapoandika, anakaa humo, anakusanya kodi, na hajasumbuliwa na mtu. Kesi ya ukoo bado iko mahakamani. Mwalimu hupita hapo na matatu kila siku, na mwanzoni ilimuuma.

Wao walipanga kwa miezi 16 zaidi, yaani 224,000 nyingine za kodi, huku wakitafuta. Baadaye walinunua kiwanja kidogo chenye hati nje ya kisiwa, wakajenga vyumba viwili kwa awamu. Hakina mpangaji hata mmoja. Mwalimu anapanda magari mawili kwenda shuleni, na mke amepoteza wateja wa zamani na anaanza upya. Kwa hesabu ya pesa za mwezi hadi mwezi, leo wako chini kuliko wangekuwa kwenye ile nyumba kuukuu.

Nilichokiona

Nianze na kosa langu. Mpangilio wa kazi yangu ulikuwa wa kinyume. Nilitumia wiki mbili juu ya paa na kuta, nikawatoza ada na gharama za fundi wa mbao, kabla ya kuuliza kiwanja ni cha nani. Kuta za udongo zilikuwa zinaniambia. Nyumba ya zamani mjini isiyojengwa kwa mawe, yenye lipu ya kuigiza mawe, ni ishara ya mwenye nyumba aliyekuwa na pesa kidogo na ruhusa kidogo zaidi. Siku hizi swali la kwanza ninaloomba jibu lake ni risiti za kodi ya kiwanja. Kama zipo, upekuzi unatangulia na ngazi ya kupandia paani inabaki kwenye gari.

Benki nayo ilikuwa imewapa habari ya bure, wakaidharau. Sako haiulizi hati ya nyumba. Inauliza hisa na wadhamini. Kwa hiyo anayekopa sako kununua nyumba hana mtu mwingine yeyote anayemchunguzia umiliki. Wale wadhamini wanne wangelipa mkopo wa nyumba ambayo hakuna aliyeisoma karatasi yake.

Kuhusu hesabu, nadhani hapa ndipo palipo na funzo lenye faida zaidi kwa wanunuzi wengine. Dalali alitumia lugha ya nyumba ya kudumu: nyumba inajilipa. Lakini katika kiwanja cha mtu unanunua miaka ya kukaa na kukusanya kodi, na idadi ya miaka hiyo haiko mkononi mwako. Ukiliona hivyo, swali linabadilika. Bei ya milioni 3.8, ada ya mwenye kiwanja 380,000 na matengenezo 850,000 ni milioni 5.03. Kwa faida ya 369,000 kwa mwaka, ingewachukua karibu miaka 14 kurudisha pesa yao, kabla hata ya riba ya sako. Nani angewahakikishia miaka 14 juu ya ardhi yenye kizuizi na kesi? Kama wangeamini wana miaka 7 ya uhakika, nyumba kama ilivyo ingewapa 268,000 mara saba, yaani 1,876,000. Toa 250,000 za kuziba hatari, inabaki kama milioni 1.6. Hiyo ndiyo bei ambayo ningeweza kuitetea. Hata ile milioni 2.2 waliyoitoa ilikuwa na matumaini ndani yake.

Kwa hiyo sisemi kwamba nyumba bila ardhi isinunuliwe kamwe. Nimeona familia zilizolea watoto na wajukuu ndani ya nyumba hizo, na mwenye kiwanja mwenye hati safi na makubaliano ya maandishi ni mtu wa kufanya naye biashara. Aliyenunua kwa milioni 3.1 huenda akakaa miaka 20. Kwamba mpaka leo hajasumbuliwa hakunionyeshi kwamba mwalimu alikosea. Mwalimu alikuwa na watoto watatu, mkopo wenye wadhamini, na hana pesa nyingine ya kuanzia. Mtu mwenye nyumba mbili mahali pengine anaweza kuibeba hatari ile ile na akalala usingizi.

Kilichofanya kazi kuliko chochote ni ziara ya mke uwani. Wapangaji na majirani wanajua nani anakuja kukusanya kodi, choo kinafurika mwezi gani, na chumba kipi kinavuja. Hawana sababu ya kuficha kama muuzaji, wala hawazungumzi mbele ya dalali. Tulikuwa tumekwenda mara tatu, kila mara tukiongozwa na dalali, saa nne asubuhi, jua kali, hakuna tone la mvua. Tungesubiri hata mvua moja kubwa tungeona chumba cha nne bila kuambiwa.

Yule binti wa Muscat alinipigia simu baada ya nyumba kuuzwa kwa yule mtu mwingine. Alitaka kujua kama karatasi aliyotumiwa asaini ilikuwa sawa, na kama jina lake limeandikwa na fungu lake kamili. Nilimwambia amtafute wakili wake mwenyewe kabla ya kusaini. Aliuliza tena, kwa sauti ya chini, kama ule mti wa mwarobaini nyuma ya choo bado upo. Upo. Ameniomba nimpigie picha.